Mashua mbili za tanga zilizotumika, uchukue ipi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wanunuzi wa Ziwa Nyasa

Maswali haya ni ya wanaotafuta mashua ya tanga ya safari, yenye chumba cha kulala na urefu wa mita 6 hadi 9, kwa ajili ya Ziwa Nyasa upande wa Kyela: Matema, Itungi, na mwambao wa Milima ya Livingstone kuelekea Lumbila na Lupingu. Mara nyingi mnunuzi hubakiwa na vyombo viwili vya kuchagua. Kimoja ni cha faiba na kiko Dar es Salaam au Tanga. Kingine ni cha mbao na kiko hapahapa ziwani. Majibu yamelenga hali hiyo, lakini yanafaa pia kama vyote viwili ni vya aina moja.

Si nianze tu na bei?

Bei ya muuzaji iache kwanza. Linganisha gharama ya kila chombo mpaka kielee Matema kikiwa salama, kisha ongeza matunzo ya miaka mitatu ya mwanzo. Chombo cha bei ndogo chenye mataruma (miti ya ndani inayoshikilia mbao za bodi) yaliyooza kinaweza kukumaliza kuliko kile kilichokutisha kwa bei. Hesabu ya mfano iko chini, lakini haiwezi kufanyika kabla ya ukaguzi.

Kabla ya kufunga safari ya kwenda kuangalia, amua chombo ni cha nini. Familia ya watu wanne inayotaka kulala nje usiku mmoja inahitaji kitu tofauti na mtu anayetaka kubeba watalii kwa malipo. Ukibeba abiria wa malipo utakaguliwa na TASAC, shirika la serikali linalosimamia usafiri wa majini, kwa masharti ya vyombo vya abiria, na mashua nzuri ya familia inaweza isifae hata kidogo.

Nikague vipi ili vyote vipimwe kwa haki?

Mkaguzi awe mmoja, vifaa vilevile, utaratibu uleule. Ukimtumia fundi mmoja Tanga na mwingine Kyela utapata maoni mawili yasiyolinganishika, maana kila fundi ana lake analoliogopa.

Vifaa vyote vinaenea kwenye ndoo: nyundo ndogo ya plastiki, bisibisi nyembamba, tochi, kioo kidogo cha kushika mkononi, sumaku, mita ya umeme, kitambaa cheupe cha pamba, chaki, futi kamba, na uzi wa fundi mwashi wa mita 10. Chombo kiwe nchi kavu. Cha faiba kikae angalau siku mbili bila kulowa ndipo ugonge bodi yake (mwili wa chombo). Cha mbao kikague siku hiyohiyo kinapotolewa majini, kabla jua halijafungua maungo ya mbao.

Kila kasoro izungushie chaki, piga picha yenye futi ndani yake, andika. Usitegemee kumbukumbu. Baada ya kilomita mia nane za barabara, mashua ya kwanza huwa nzuri zaidi kichwani kuliko ilivyokuwa.

Bodi ya faiba inagongwaje, na nisikilize nini?

Shika nyundo kwa ulegevu, vidole vitatu vinatosha. Anzia omo (mbele), chini ya mstari wa maji, ugonge kila sentimita 10 kuelekea tezi (nyuma), kisha shuka mstari mwingine. Sehemu nzima hujibu kwa sauti kavu na nyundo huruka yenyewe. Sehemu ambayo matabaka ya faiba yameachana hujibu kwa sauti nzito, kama ya kugonga boksi lenye nguo, na nyundo hulala pale ilipotua. Sauti ikibadilika, weka alama ya chaki, zunguka, gonga ukitokea upande wa pili mpaka upate umbo la eneo lote.

Wengi hukosea hapa: sauti hubadilika pia mahali penye ukuta wa ndani, tangi au kitanda kilichojengewa kwenye bodi. Kwa hiyo ingia ndani na tochi ulinganishe. Kama nyuma ya alama yako kuna ukuta, futa alama. Kama hakuna kitu, umepata tatizo.

Sitaha ndiyo huwaponza wanunuzi wengi, maana wao hutazama chini tu. Sitaha nyingi za faiba zina ubao mwepesi katikati ya matabaka mawili, na maji huingia kupitia tundu la kila skrubu iliyofungwa bila lakiri (gundi ya kuzuia maji). Vua viatu, tembea kwa kisigino. Pakibonyea, hata kidogo, gonga papo hapo. Kagua zaidi kuzunguka shina la mlingoti, nguzo za kushikia na vyuma vinavyoshikilia nyaya za mlingoti. Doa la ukubwa wa sahani ni kazi ya siku tatu: hukatwa tabaka la juu, hutolewa ubao uliolowa, huwekwa plaiwudi kavu na kufunikwa upya. Doa likifika theluthi ya sitaha, unanunua ujenzi.

Nyufa ndogo za rangi zenye umbo la nyota ni alama ya kitu kizito kilichoanguka. Nyufa zinazokwenda sambamba, hasa karibu na vyuma vya nyaya za mlingoti, zinaonyesha bodi inajikunja chombo kikiwa na upepo. Hizo ndizo za kuogopa.

Kuna malengelenge chini ya bodi. Niachane nayo?

Inategemea idadi na kina. Vaa miwani ya fundi, toboa moja kwa ncha ya bisibisi. Kimiminika chenye harufu ya siki maana yake maji yamepenya rangi ngumu ya juu na kuanza kula rezini. Kama lengelenge limekaa kwenye rangi tu, hata yakiwa ishirini, ni suala la kushushiana bei. Kama nyuzi za faiba zinaonekana ndani yake na yamejaa bodi nzima, rangi yote ya chini lazima ivuliwe, bodi ikaushwe kwa miezi, ndipo ipakwe rezini upya.

Jambo hili lina uzito zaidi huku kwetu. Maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, hupenya faiba haraka kuliko maji ya chumvi, na maji ya uvuguvugu haraka zaidi. Halafu Kyela ni mji wa mvua, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, kwa hiyo kukausha bodi kunahitaji banda lenye paa na miezi ya Juni hadi Oktoba. Ukinunua Desemba chombo chenye tatizo hili, jipange kukitumia mwakani.

Ya mbao je? Nitajuaje kama imeoza wakati rangi ni mpya?

Rangi mpya ndani ya ngama (sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo, maji yanapokusanyika) ni sababu ya kukagua mara mbili. Ukungu unaoozesha mbao hupenda maji ya mvua yaliyotuama pasipo na hewa, kwa hiyo usipoteze muda kwenye pande za nje zinazong'aa. Fungua mbao za sakafu. Nenda chini kabisa, mataruma yanapokutana na mkuku (uti wa chini wa chombo). Kisha ndani ya pembe ya omo, chini ya sitaha ya tezi, na pale mlingoti unapokalia.

Sukuma bisibisi kwa nguvu ya mkono, usiigonge. Ubao mzima hukubali milimita moja au mbili na kukataa. Uliooza humeza sentimita nzima bila hata kulia, na ukichomoa bisibisi ncha hutoka na ungaunga wa kahawia wenye harufu ya uyoga. Taruma moja au mawili yasiyopakana yanatengenezeka kwa kufungwa taruma jipya ubavuni. Matatu yanayofuatana yakiwa yameoza au kuvunjika, usiendelee: bodi imepoteza umbo mahali hapo, na kuirudisha ni kazi ya mwundaji wa mashua, si seremala wa vitanda.

Sasa misumari. Mwombe muuzaji ruhusa ya kung'oa mitatu: mmoja karibu na mkuku, mmoja katikati chini ya mstari wa maji, mmoja tezi. Muuzaji mkweli hukubali, kwani tundu huzibwa kwa msumari mnene zaidi. Tazama shingo, pale ubao ulipokutana na taruma. Msumari mzuri una unene mmoja mpaka mwisho. Mbaya umeliwa kiunoni, umebaki mwembamba kama njiti huku kichwa na ncha vikiwa vizima. Ukiutazama kwa nje huwezi kushuku kitu. Mmoja kati ya mitatu ukiwa hivyo, ng'oa tisa zaidi. Theluthi ikiwa imeliwa, weka kwenye hesabu kupigilia bodi yote upya. Duara jeusi kwenye ubao kuzunguka kichwa cha msumari ni dalili ileile, chuma kinaliwa na ubao unalainika pamoja nacho. Sumaku itakuonyesha misumari ilipojificha chini ya rangi.

Nyosha uzi chini ya mkuku kutoka omo hadi tezi. Mkuku ulionyooka, au wenye mviringo wa makusudi unaolingana pande zote, ni sawa. Ukiwa umebinuka katikati kwenda juu huku ncha zimelegea, mgongo wa chombo umechoka. Kwa mashua ya mita 8, zaidi ya sentimita 3 za kubinuka kwa namna hiyo zinatosha kukufanya utafute nyingine.

Muuzaji anasema ni mvule mtupu. Nitathibitishaje?

Asili inaweza kuwa mvule au mninga kweli, ila viraka si lazima. Nyanda za Juu Kusini zina mbao nyingi za paina kutoka Mafinga na Sao Hill, nafuu na nyoofu, na mafundi huzitumia kwa matengenezo. Paina isiyotiwa dawa haidumu chini ya maji wala ndani ya ngama. Kwangua rangi kwa upana wa kidole mahali sita tofauti. Paina ni nyeupe-njano, ina vifundo na mistari mipana ya ukuaji, na ukucha huacha alama. Mvule ni wa kahawia ya dhahabu na mgumu. Kila ubao wa paina uliopo chini ya mstari wa maji uhesabu kuwa wa kubadilishwa, hata kama leo ni mzima.

Mlingoti wa mkaratusi nao tuutaje. Una nguvu, lakini ni mzito, na uzito ulio juu hulaza mashua mapema upepo ukizidi.

Chombo kilichokaa baharini kinaathirika kikija maji baridi?

Mambo matatu yanabadilika, na moja halibadiliki kama watu wanavyodhani.

Mnyoo wa baharini anayetoboa mbao hufa kwenye maji baridi. Njia zake hubaki. Kwa nje huacha tundu dogo kama la pini, ndani anaweza kuwa amekula ubao wote ukawa kama sega la nyuki. Mashua ya mbao kutoka pwani lazima itobolewe kwa keekee ndogo mahali kadhaa kwenye mkuku. Vumbi litoke kavu na la rangi moja, na keekee isizame ghafla.

Pili, ubao uliozoea chumvi ulikuwa na kinga fulani dhidi ya kuoza. Ziwani kinga hiyo haipo, na mvua ndiyo adui. Turubai juu ya sitaha na matundu ya hewa omo na tezi ni lazima.

Tatu, vipande vya zinki vinavyolinda injini na vyuma vya chini hufunikwa na ukoko kwenye maji baridi na kuacha kufanya kazi. Badilisha uweke vya magnesi.

Kisichobadilika sana ni kina cha kuelea. Maji baridi ni mepesi kuliko ya bahari, kwa hiyo chombo huzama zaidi, lakini piga hesabu: mashua ya tani 3 inahitaji kusukuma lita 73 hivi zaidi, na kama eneo lake usawa wa maji ni mita za mraba 10, hizo ni milimita 7. Hakuna wa kuziona.

Mkuku mrefu, mfupi au wa kupandisha: upi unafaa Matema?

Ufuko wa Matema ni mchanga unaoteremka taratibu, lakini ukifika chini ya Livingstone kina kinaanguka ghafla. Mashua inayozama mita 1.5 haitakaribia ufuko. Utakuwa mtu wa mtumbwi kila ukitaka kushuka. Ya mkuku wa kupandisha, inayobaki na sentimita 50 hivi, hufika hadi mchangani. Hasara yake ni waya, winchi na pini ya kuzungukia, vitu vitatu vinavyochakaa mahali pasipoonekana. Pandisha na ushushe mkuku mara tano kabla ya kununua, ukisikiliza kama unagonga ndani ya kasha lake.

Zipo mashua za Uingereza zenye mikuku miwili mifupi, zilizoundwa zisimame wima maji yakipwa. Ziwa halina kupwa na kujaa. Hupanda na kushuka kwa msimu tu, karibu mita moja. Kwa hiyo sifa hiyo itakusaidia nchi kavu na juu ya lori, ila ukipanda mchanga usisubiri maji yaje kukunyanyua. Hayaji.

Mkuku wa chuma uliofungwa kwa boliti ukague pale unapoungana na bodi. Ufa upande wa omo wa maungio, au machozi ya kutu, ni dalili ya boliti zilizolegea au mgongano wa zamani. Ndani, kila nati iwe kavu. Usukani nao: shika bapa lake kwa mikono miwili ulitikise, mchezo uzidipo milimita 3 bawaba zimekwisha. Toboa tundu dogo chini ya bapa la faiba kwa idhini ya mwenye chombo. Yakitoka maji ya kahawia, chuma cha ndani kinaoza.

Nitajuaje mlingoti na matanga yana uhai?

Hapa pana fedha nyingi kuliko watu wanavyotarajia, na pana hatari. Mwera wa Mei hadi Agosti huvuma kutoka kusini mashariki, na ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita 550 huyapa mawimbi nafasi ya kukua njia nzima mpaka ncha ya kaskazini, yaani kwetu. Mlingoti ukianguka katika hali hiyo, hupambani tena na upepo. Unapambana na boriti ya mita 9 inayotoboa bodi yako.

Funga kitambaa cha pamba kwenye waya, ukiteremshe taratibu. Kikinasa, uzi mmoja wa waya umekatika, na waya huo haufai tena. Tumia kioo kuangalia nyuma ya kila kifungo cha chini, ambako nyufa nyembamba kama unywele huanzia. Kisha tazama vyuma vinavyopita kwenye sitaha kushikilia nyaya. Chuma cha stenlesi kikikaa na unyevu bila hewa huliwa kwa ndani, kikabaki king'avu juu na chini. Machozi ya kutu ndani ya kabati, chini ya chuma hicho, yasifutwe kwa kitambaa ukaendelea: fungua kimoja, kichomoe. Kikiwa na vishimo pale kilipopita sitahani, badilisha vyote.

Nyaya zenye zaidi ya miaka 12, au zisizojulikana umri, zihesabu kuwa za kubadilishwa hata zikionekana nzuri. Kwa mashua moja huwa nyaya sita hadi nane.

Matanga hufa kwa jua. Pitisha ukucha kwenye mshono wa ukingo wa nyuma: uzi ukikatika, tanga linaweza kushonwa upya ikiwa kitambaa kingali imara. Shika kitambaa karibu na ukingo huo ukivute kwa vidole. Kikichanika kama gazeti, hakuna mshono utakaolisaidia. Tanga kubwa liwe na safu mbili za kamba za kulipunguzia upepo ukizidi. Mashua yenye safu moja tu, au isiyokuwa nayo kabisa, ongeza gharama hiyo kabla ya kuingia ziwani. Henza (ya kupandishia tanga) na demani (ya kulivutia) ni kamba tu, hazisumbui.

Injini ya kuning'iniza nyuma nipime nini?

Kwanza urefu wa mguu. Mashua ya tanga huhitaji mguu mrefu, sentimita 51, na mara nyingine zaidi. Mashine za wavuvi nyingi zina mguu mfupi wa sentimita 38, na pangaboi lake litapiga hewa kila wimbi linapopita. Nguvu ya farasi 4 kwa kila tani ni kipimo kizuri cha kuanzia. Mashua ya tani 2 inatosheka na farasi 8 hadi 10. Farasi 40 zitakula petroli bila kuongeza mwendo, kwani mashua ya tanga yenye mita 6 usawa wa maji ina ukomo wa kilomita 11 hivi kwa saa.

Ikute ikiwa baridi. Muuzaji aliyeiwasha kabla hujafika amekunyima jambo la kwanza la kujua. Pima mgandamizo wa kila silinda: zisitofautiane kwa zaidi ya asilimia 10. Fungua skrubu ya chini ya gia. Oili iliyo kama maziwa inaonyesha sili zimepitisha maji. Ikiwaka, maji ya kupoza yatoke kwa nguvu kwenye tundu lake. Yakidondoka tu, impela (kigurudumu cha kusukuma maji) imechakaa au njia zimejaa chumvi, jambo la kawaida kwa mashine zilizotoka baharini bila kusafishwa kwa maji baridi. Nyingi za mashine zinazochanganyiwa oili hutaka sehemu 1 ya oili kwa 50 za petroli, yaani mililita 20 kwa kila lita. Fuata kibandiko cha mashine.

Ziwa liko mita 474 hivi juu ya bahari, hivyo injini hupoteza karibu asilimia 5 ya nguvu iliyokuwa nayo Dar es Salaam. Usimlaumu fundi kwa hilo.

Umeme na gesi?

Betri iliyochajiwa ikajaa, kisha ikapumzika usiku kucha, isome volti 12.6 au zaidi; chini ya 12 ni ya kubadilisha. Jiko la gesi likague kwa sabuni kwenye kila kiungo. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hutambaa na kujaa ngama, kisha cheche moja inatosha. Mtungi ukae nje, au kwenye kasha lenye tundu la kutolea gesi nje ya chombo.

Jaribio la majini lichukue muda gani?

Saa tatu kwa uchache, na muuzaji awemo. Kausha ngama kwa kitambaa kabla ya kuondoka. Tweka matanga yote, bisha (enda mshazari kuelekea upepo) upande mmoja, soma dira. Geuza, bisha upande wa pili, soma tena. Tofauti ya nyuzi 90 hadi 100 ni nzuri. Ikizidi 120, mashua hiyo haitakurudisha nyumbani Mwera akiwa mbele yako. Fanya hivyo kwa vyombo vyote viwili katika upepo unaokaribiana, maana hiki ndicho kipimo kinachotofautisha mashua mbili kuliko maelezo yoyote.

Achia kana (mpini wa usukani) kwa sekunde chache. Chombo kizuri hugeuza omo polepole kuelekea upepo na kutulia. Kinachokimbia kutoka upeponi ni cha hatari.

Ukirudi, fungua ngama. Faiba iwe kavu. Mbao zilizokuwa nchi kavu zitavuja siku ya kwanza na ya pili mpaka zinywe maji zifumbe. Siku ya tatu ndoo moja kwa siku inavumilika. Zaidi ya hapo kuna kiungo kilichoachia au kalafati (pamba ya kuziba maungo ya mbao) iliyokwisha.

Kuileta kutoka pwani kuna ugumu gani?

Zaidi ya kilomita 800 hadi Mbeya, kisha mteremko wa Tukuyu. Pima upana kwanza. Chombo kinachozidi upana unaoruhusiwa barabarani kinaweza kuhesabiwa mzigo usio wa kawaida, basi ulizia kibali TANROADS, wakala wa barabara, kabla ya kulipia lori, kwani mizani zipo njiani na gari likizuiwa unalipia siku. Uzito wa mashua ukae juu ya mkuku, kwenye boriti. Mito ya pembeni ni ya kuizuia isilale, na ikikazwa mno hupasua bodi kwenye mashimo ya barabara. Mlingoti ulazwe, injini ivuliwe. Mkanda ukaguliwe kabla ya kupanda Kitonga na tena Uyole.

Mashua ya mbao hukauka vibaya kwenye upepo wa Makambako. Tandika magunia mabichi ndani, yamwagie maji kila kituo.

Karatasi gani nizione kabla ya kutoa fedha?

Cheti cha usajili chenye jina la anayekuuzia, mkataba wa mauziano wenye mashahidi, na namba ya injini iliyosomwa kwenye kibati na tena kwenye bloku. Zikitofautiana, ondoka. Kama mashua iliingizwa nchini na mgeni kwa muda, ulizia TRA kama ushuru umelipwa. Deni hilo linaweza kukufuata wewe. Ulizia TASAC pia masharti ya kuhamisha umiliki na ukaguzi wa kuanza kuitumia ziwani.

Nionyesheni hesabu nzima.

Tarakimu hizi, kwa shilingi, ni za kuonyesha njia tu. Si bei za soko.

Mashua ya faiba, mita 7, iko Dar es Salaam: bei 24,000,000, nyaya zote mpya 3,200,000, kushona matanga 900,000, lori na kreni 6,500,000, matengenezo ya injini 450,000. Jumla 35,050,000.

Mashua ya mbao, mita 7.5, iko Kyela: bei 19,000,000, mbao nne na mataruma mawili 2,800,000, kalafati na rangi 1,500,000, tanga kubwa jipya 2,600,000, injini nyingine 7,000,000. Jumla 32,900,000.

Ya mbao bado ni nafuu kwa milioni 2.15. Weka sasa matunzo ya miaka mitatu: faiba 1,200,000 kwa mwaka, mbao 3,000,000. Faiba inafika 38,650,000, mbao 41,900,000. Matokeo yamegeuka, na yatageuka tena kama una mwundaji wa mashua jirani yako na banda la kuiweka masika. Sisi tungechukua ya faiba kwa mtu anayeishi Mbeya mjini na kushuka ziwani mara moja kwa mwezi. Mashua ya mbao inataka jicho la kila wiki.

Nimeshachagua. Nikumbuke nini siku ya kwanza?

Jaketi okozi kwa kila kichwa, kifaa cha kuzimia moto, ndoo mbili za kukumbia maji, na nanga yenye kamba ya kutosha. Kwenye kina cha mita 6, ukiongeza mita 1 ya urefu wa omo juu ya maji, achia mita 35 kama ni mnyororo mtupu, 49 kama sehemu kubwa ni kamba. Tia nanga kwenye mchanga wa Matema, si chini ya mlima ambako haitagusa kitu. Soma utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya kutoka, na ukisimamisha mlingoti ufukweni, tazama kwanza nyaya za umeme ziko wapi.